Noti za Mama Yako Nilizozinyoosha

Mwanangu Oliva,

Ule wimbo wa mama yako ulio kwenye kompyuta yako, unaouita mikono ya mama, mikono yake haimo. Niliitoa mimi. Nimekuficha jambo hili tangu tulipomzika, na kesho asubuhi unaondoka nao kwenda Dar es Salaam, kwa watu wanaokungoja kwa sababu ya wimbo huohuo. Nisipokuambia leo sitakuambia tena. Hali yangu unaijua. Tusidanganyane kwamba utarudi unikute.

Umekwenda Katindiuka kuwaaga wajomba zako, umesema utarudi kabla jua halijazama. Nimejivuta mpaka mezani, nimeweka mto mgongoni. Utaona maandishi yanapanda na kushuka; ni mkono tu, usiyahurumie.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za wenye nyumba wa mjini, wala za kuchagua marafiki. Hayo unayajua kuliko mimi. Na mtu aliyefanya nililofanya hana uso wa kumwelekeza mwenzake namna ya kuishi. Nitakuandikia habari zangu na mama yako, na za ile mashine.

Mama yako alijifunza kuimba juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mpunga. Wewe ulizaliwa tumeshahamia hapa Ifakara mjini, dungu umelijua kwa kwenda likizo tu. Lakini Leokadia alikulia huko. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea hushuka, na familia nzima inahamia shambani kuwaamia. Kila shamba na dungu lake, kila dungu na mtu wake mwenye debe, kombeo na sauti. Wa dungu hili humwita wa dungu lile apate kujua kama bado yuko macho, maana ndege hawakawii kutambua upande uliolala. Wengine walipiga miluzi, wengine walitukanana kwa utani. Mama yako alijitungia wimbo. Aliimba mstari, akamalizia kwa kuuliza, "Ng'ambo mpo?" Kisha alinyamaza. Kutoka dungu la pili rafiki yake Generosa aliitika, "Tupo!" Hapo ndipo aliendelea na mstari mwingine.

Nilimkuta akiimba hivyo nilipokuwa mwalimu mgeni, nimetoka chuoni na cheti cha muziki, kichwa kimejaa do re mi na hesabu za mapigo. Nilisimama kwenye tuta la jaruba, vidole vikipiga paja, nikijaribu kuukamata wimbo wake. Ulinishinda. Kila nilipofika kwenye pigo la kuingia, yeye hakuingia. Nikapaza sauti.

"Dada, wimbo wako mzuri, ila unachelewa kuingia mstari wa pili!"

"Nachelewaje wakati sijajibiwa?"

"Hesabu mpaka nne, halafu ingia."

Aliniangalia kutoka juu kama mtu aliyeona mnyama asiyemfahamu. Kisha akageukia ng'ambo. "Generosa wee! Huku kuna mwalimu anasema nisikungoje!"

"Mwambie apande aje awahesabu ndege!"

Walicheka mpaka ndege wakaruka wenyewe. Na mimi nilicheka. Nilimpenda siku hiyo, na watu wote waliohudhuria harusi yetu walisikia nikisimulia kisa hiki kama kichekesho. Sikuwahi kukifikiria zaidi ya hapo. Nilioa sauti, nikaamini kwamba hesabu nitaitia mwenyewe polepole.

Tulipooana nilimfundisha kinanda cha kanisani. Alikuwa na sikio kali kuliko langu. Wimbo aliousikia mara moja aliupiga. Lakini kila mwisho wa mstari alisita. Si sana. Kiasi cha mtu kugeuza shingo. Kwaya ilikuwa inanitazama mimi, mimi namtazama yeye, na yeye anatazama pasipo na mtu. Nilikuwa na rula ndefu ya darasani. Nilipiga nayo benchi.

"Leokadia, hesabu!"

Mzee mmoja wa sauti ya nne aliwahi kuniambia mbele ya kwaya nzima, "Mwalimu, mwache mama apumue."

"Hapumui huyu. Anachelewa."

Watu wakacheka. Mama yako naye alicheka, na mimi nikakichukua kile kicheko kuwa ameridhika. Tukiwa nyumbani, anachambua mboga, akaniambia bila kuinua macho, "Baba Oliva, mimi nikipiga nasikiliza kwanza."

"Unasikiliza nini? Watu wote wanakungoja wewe."

"Basi."

Neno hilo ulilisikia sana ukiwa mdogo. Nadhani ulidhani ndivyo alivyo, mtu wa maneno machache. Hakuwa hivyo. Waulize wajomba zako siku yoyote. Juu ya dungu alikuwa hanyamazi. Kunyamaza alijifunza kwangu, na nilikuwa mwalimu mzuri.

Halafu wewe ukaleta mashine. Nakumbuka ulivyoiweka juu ya meza hii hii, ukachomeka waya kati ya kinanda na kompyuta, ukaniita kama unayeniita kuona mtoto amezaliwa. Nilibonyeza noti moja, na kwenye kioo kikatokea kijiti cha kijani kilicholala. Nikabonyeza tena kwa nguvu, nikashikilia. Kikaja kirefu zaidi. Chini yake kulikuwa na kijiti kingine kimesimama, na ulinieleza kwamba kile ndicho nguvu ya kidole changu.

"Sauti yake inakaa wapi?" nilikuuliza.

"Humu hamna sauti, Baba. Humu kuna mtu kabonyeza nini, saa ngapi, kwa nguvu gani, kaachia lini. Basi. Sauti unaichagua baadaye, hata ukitaka filimbi."

"Na mimi nikikohoa?"

"Kohoa mpaka kesho, mzee, haisikii. Hakuna maikrofoni hapo. Inashika vidole tu."

Tafadhali yakumbuke maneno hayo. Nitayarudia.

Ulinionyesha mistari iliyosimama kwenye kioo, kila mstari ni pigo, na vijiti vyangu vilivyolala ovyo, kimoja kabla ya mstari, kingine baada yake. Nilishtuka. Maisha yangu yote nimefundisha watu kupiga kwenye hesabu, na kumbe mimi mwenyewe sipo. Ulicheka ukanipiga begani. Ndipo ukanionyesha ile amri.

"Ukibonyeza hapa, zote zinakwenda kwenye mstari. Tunaita kwantaizi."

"Zote?"

"Zote. Ila usiweke mia kwa mia. Ukiweka mia unamuua mpigaji. Weka hamsini, abakie kidogo humo ndani."

Tulicheka. Nilikuwa mwanafunzi wako mzuri miezi ile. Ulinifundisha kukata noti, kuzirefusha zikagusana, kuziinua na kuzishusha kwa pamoja, kufuta ile iliyoguswa kwa bahati mbaya. Mzee mzima nilikaa hapa nikichezea vijiti kama mtoto na kete. Ulipokwenda chuoni Morogoro uliniachia ile kompyuta ya zamani na kinanda, ukasema nisije nikazeeka. Ni zawadi pekee uliyonipa ambayo natamani usingenipa.

Mama yako alianza kuumwa baada ya hapo. Hukuambiwa ukubwa wake kwa sababu yeye alikataza, hilo ulishanisamehe. Alasiri moja alikuwa na nafuu, amekaa kitandani, akasema anataka kukuachia ule wimbo wa ndege. "Oliva hajawahi kuusikia wote," alisema. "Atanisikia mimi mzima." Nilimsaidia kukaa kwenye kiti, nikaweka kinanda mbele yake na khanga magotini. Niliwasha kigongo cha kuhesabia, kile kinachogonga tok, tok, tok.

"Zima hicho kitu."

"Kinakusaidia, mama."

"Kinaniingilia. Zima."

Nilikizima kwenye spika. Kwenye hedifoni zangu nilikiacha kinagonga. Hakujua. Akapiga ubeti wa kwanza, wa pili, na kuendelea, vidole vyembamba vile, mkono wa kushoto hauna nguvu, akiimba maneno kwa mdomo bila sauti, na mimi nimeketi pembeni yake, nanyoosha shingo kutazama vijiti vinavyotokea kwenye kioo. Karibu kila kimoja kilikuwa nje ya mstari. Palipopaswa kuwa na noti palikuwa na uwazi. Ya mwisho wa mchana ule nitayaandika chini. Sijapata nguvu bado.

Alipomaliza alilala. Mimi nilibaki na mashine. Oliva, ningependa kukuambia kwamba nilifanya kwa upendo. Sehemu ilikuwa upendo. Niliwaza kwamba watu watausikia wimbo huu baada yake, na watasema mke wa mwalimu alikuwa hajui kuhesabu. Lakini sehemu kubwa ilikuwa kitu kingine, na nimekuwa na muda mrefu wa kukitazama. Nilichagua noti zote. Niliweka mia. Nikabonyeza. Zote ziliruka kwa pamoja zikakaa kwenye mistari, kama wanafunzi waliosikia nyayo za mwalimu mkuu, na mimi nilihisi raha. Raha, mwanangu. Kwa miaka yote ya ndoa yetu rula yangu haikuweza kumnyoosha, sasa amenyooka kwa kidole kimoja.

Sikuishia hapo. Nilifunga nafasi zilizobaki kati ya mistari ya wimbo. Vile vijiti vya nguvu, vya mkono wa kushoto vilivyokuwa vifupi, nikavipandisha vikalingana na vya kulia. Noti zilizokatika mapema nikazirefusha. Alipogusa funguo mbili kwa kidole kimoja, nikafuta moja. Kisha nikahifadhi kwa jina lilelile, juu ya faili lilelile, nikafunga programu nikaenda kuchemsha chai.

Alipoamka nilimchezea. Nilikuwa na furaha kama niliyemletea zawadi. Alisikiliza kichwa kikiwa juu ya mto.

"Huyu nani anapiga?"

"Ni wewe."

"Mimi sipigi hivyo."

"Ni wewe, mama. Nimekusafisha kidogo tu."

Aliusikiliza mpaka mwisho. Ulipokwisha akasema, "Haya, mpe Oliva. Mwambie ni mwanamke mmoja anayejua kuhesabu."

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Aliniomba nikitoe kinanda chumbani kwa sababu kinabana njia. Hakukigusa tena, wala sikumsikia tena akiimba, hata kwa mdomo mtupu. Masika yalipoanza akafa, nawe ukafika kwa basi umelowa, umechelewa kumuona.

Siku zile za msiba nyumba ilijaa watu, na wewe ulikaa jikoni na wanawake. Watu walipoondoka ulinijia ukaniuliza, "Baba, mama hakuacha chochote? Hata sauti?" Nikasema ameacha wimbo, nipe siku kidogo niutafute. Nilikuwa najua ulipo. Nilichokuwa natafuta ni namna ya kurudi nyuma. Nilifungua faili, nikatazama kile kitufe cha kurudisha hatua. Kilikuwa kimefifia. Hakikuwa na hatua ya kurudi; mashine ilikuwa inakumbuka tu kile nilichohifadhi.

Nilijaribu kwanza ile amri nyingine, inayozitawanya noti ovyo ili zionekane zimepigwa na mtu. Nilisikiliza. Alikuwa mlevi anayejikwaa ngazini, hakuwa mama yako. Nikaifuta. Kisha nikazima gridi, ile mistari ya mapigo inayozivuta noti, nikakuza kioo mpaka kijiti kimoja kikawa kirefu kama rula, nikaanza kuzisogeza moja moja kwa kipanya. Hii nyuma kiasi cha unywele. Hii ishushe nguvu. Hapa asite. Nilifumba macho nikajaribu kumsikia, nilichosikia ni rula yangu kwenye benchi. Kwa hiyo niliweka pumziko pale ambapo chuoni nilifundishwa kwamba kwaya ipumue. Niliutia moyo mwingi ubeti wa tatu. Niliuvuta ule mstari nyuma mpaka mimi mwenyewe nikalia.

Nikakupa. Uliusikiliza umesimama mlangoni mwa jikoni, umeshika fremu. Ulipofika ubeti wa tatu ukainua mkono.

"Hapa, Baba. Sikia alivyosita! Hapa alikuwa anamngoja Mama Generosa amwitikie."

Nikasema, "Ndiyo."

Ningeweza kusema hapohapo. Ulikuwa umesimama hatua chache tu kutoka kwangu. Nikasema ndiyo, na uso wako ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu ushuke kwenye basi, na mimi nikaona kwamba sitaweza kuufunga.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ila hujui nilivyoyaona. Ulipima ucheleweshaji ule wote, noti kwa noti, ukautengeneza kuwa kipimo unachoweza kukibandika juu ya wimbo wowote, ukakipa jina Mama. Kwanza ukakibandika kwenye wimbo wa kwaya ya Mkula. Kisha wale wa viwanda vya sukari kule Kidatu, watu wa kila kabila na kila dini, wakaja na wimbo wao wa harusi ukaupitisha humo humo. Wakafuata vijana wa bongo fleva na nywele zao. Watu wakaanza kusema biti za Oliva zinapumua. Siku mwalimu wa kwaya ya Kidatu alipokuja hapa kuniona, alinishika mikono miwili. "Shikamoo Mwalimu. Nikwambie kitu? Mama hajafa. Yumo kwenye kila wimbo wa binti." Nilimshukuru, nikaomba radhi nikaenda kulala, na nililala nikitazama ukuta mpaka akaondoka.

Redio ikiwashwa dukani kwa jirani, nasikia kipanya changu. Bondeni kote, Oliva, watu wanaimba harusi na mazishi yao kwa kusita nilikokubuni mimi hapa mezani kwa hofu ya kukamatwa. Na sasa wale wa Dar wamekusikia, wanataka ukafanye nao kazi, na wimbo wa kwanza mtakaoutengeneza ni huo, na utakaa mbele yao uwaambie, hii ni mikono ya mama yangu.

Juzi, ulipokuwa studio, nilimwita kijana wa bajaji anipeleke Katindiuka. Uliporudi ukanikuta nahema ukanigombeza, nami nikasema nilitaka kubadilisha hewa. Nilikwenda kwa Generosa. Nilimkuta anapepeta mchele barazani, amezeeka vizuri kuliko mimi. Nikamwambia nimekuja kwa jambo moja tu. Leokadia alikuwa anasita wapi? Baada ya mstari upi? Nilikuwa nimepanga kwamba nikipajua nitakuja kuzisogeza noti zote upya kabla hujaondoka, usiku na mchana ikibidi, na nikuache uende na kitu cha kweli bila kujua kwamba ulichokuwa nacho mwanzo hakikuwa kweli. Unaona nilivyo. Hata juzi nilikuwa bado natafuta namna ya kutosema.

Generosa aliweka ungo chini. "Mwalimu, mpaka leo unahesabu tu?"

"Nikumbushe, dada yangu. Mahali gani?"

"Mahali hapakuwepo. Siku ya upepo mimi simsikii vizuri, nachelewa kujibu, na yeye anachelewa kuendelea. Siku nikisinzia ananingoja mpaka niamke. Kuna siku tuligombana, nikamnyima jibu makusudi. Alinyamaza hivyo hivyo, ndege wakashuka wakala, na hakuendelea."

"Hakuendelea?"

"Angeendeleaje? Hajajibiwa."

Alinifungia mchele kidogo kwenye mfuko, ule tuliopika jana ukasema ni mtamu. Njiani kurudi, bajaji inarukaruka, nilielewa kwamba hakuna kipanya kitakachoweza. Nilichokifuta hakikuwa na mahali pa kudumu hata ningekikumbuka chote. Kilikuwa kwenye alasiri ile moja, na alasiri ile niliifuta nilipohifadhi kazi yangu juu yake.

Sikuambii uufute wimbo, sikuambii uubebe. Pengine kazi yako itasimama bila jina la mama yako juu yake. Masikio yako ni ya kweli, hayo hukuyapata kwangu. Pengine haitasimama. Sijui, na sina haki ya kukuahidi. Najua tu kwamba ungekaa mbele ya wale watu ukalia juu ya noti zangu, na mimi niwe chini ya udongo karibu naye, na hakuna aliye hai angekuambia.

Kuna jambo nililojifunza, nalo nimelijifunza pasipo kufaa kitu. Daktari aliniwekea waya kifuani mwezi uliopita, akaniambia mapigo ya moyo hayafuatani, mengine yanaruka. Nilitazama ule mstari kwenye karatasi ukipanda na kushuka, na jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa kutafuta mahali pa kuunyoosha. Hivyo ndivyo nilivyo mpaka ndani. Wewe hukurithi hilo. Ulikuwa hujaenda hata chuoni ukaniambia niweke hamsini.

Barua hii sitaificha kwenye begi lako uikute umeshapita Mkula. Nilifikiria hivyo mwanzoni, nikaona ni ujanja uleule. Nitaiweka juu ya kinanda chako ambacho hujakifunga bado, uisome leo, nikiwa chumba cha pili, ili kama unataka kunikasirikia unikasirikie usoni. Ukipita bila kuniaga kesho nitasikia mlango, na nitajua kwamba umesoma mpaka mwisho.

Imebaki ile alasiri.

Alifika ubeti wa mwisho. Alipiga mstari wake, akapiga ile "Ng'ambo mpo?", akainua mikono kwenye funguo akaiweka juu ya khanga. Kisha akageuza shingo. Safari hii hakutazama pasipo na mtu. Alinitazama mimi. Kwenye hedifoni kigongo kilikuwa kinagonga, nikahesabu mpaka nne, nikahesabu tena, kwenye kioo hakutokei kijiti kipya, uwazi unazidi kurefuka. Nikainua kidole kumwonyesha aingie. Hakuingia. Aliendelea kunitazama, midomo imefunguka kidogo, kama alivyokuwa anatazama ng'ambo akiwa msichana. Nikainua kidole tena. Akageukia kinanda, akaumalizia mstari wa mwisho polepole sana, kwa nguvu ndogo hata vile vijiti vilivyosimama havikuonekana vizuri. Ule uwazi ulikuwa mrefu kuliko wote, na ndio nilioufunga wa kwanza.

Kwa muda wote huu nimejiambia kwamba nilidhani amesahau. Sikudhani hivyo. Nilijua ananingoja mimi, na jibu nililijua tangu nilipolisikia likitoka dungu la pili. Ni neno moja. Nikajiambia nisiseme, nitaharibu rekodi. Na hapo hapo, nikiwa nahesabu, nilikumbuka ulichonifundisha, kwamba mashine ile haisikii, hakuna maikrofoni, inashika vidole tu. Ningeitika, na pasingeharibika kitu. Nililijua hilo nikiwa nimekaa pembeni yake, na sikuitika.